Daraja letu linavunjwa lijengwe jipya. Nguzo ni nzima, tatizo liko wapi hasa?

#1 Mwana wa Korongoni

Wakuu, salaam.

Daraja la mtaani kwetu hapa Dodoma mjini limepigwa alama za X kwa rangi nyekundu. Tumeambiwa linavunjwa, linakuja jipya, pana zaidi na la juu zaidi. Nilifurahi. Ila jana jioni nilishuka korongoni, viatu mkononi, nikapita chini yake kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, na furaha ikapungua.

Nguzo zile ni nzima jamani. Nimezigonga kwa jiwe, ngangari. Sijaona ufa wa kuingiza hata kucha. Kilichonistua ni kingine. Mwaka 1994, nikiwa darasa la tano, nilichonga herufi zangu mbili kwenye nguzo kwa msumari wa nchi sita, usawa wa kifua. Jana nimezikuta juu ya kichwa changu. Nimenyoosha mkono na kusimama kwa vidole ndipo nikazigusa. Na mimi tangu 1994 nimerefuka, sijafupika.

Chini ya hapo kitako cha msingi kinaonekana, kile ambacho hatukuwahi kukiona. Na chini ya kitako kuna uwazi. Nimeingiza mkono ukazama hadi kwenye kiwiko, nikautoa haraka kwa kuogopa nyoka.

Sasa swali langu: daraja linazeekaje? Kama mwili ni mzima na ardhi ndiyo imeondoka, tukijenga jipya palepale si nalo litakuja kuning'inia? Mtaa sitaji, wa huko watajijua.

#2 Siti ya Mbele

Nimeshakaa. Nani ana karanga?

#3 Zabibu Kavu

Kama lina mbuyu upande mmoja na mashine ya kusaga upande wa pili, hilo ni letu, na mleta mada unatudanganya mchana kweupe. Mimi nimekulia hapo. Jina langu lipo kwenye nguzo ya pale tangu 1996 na leo HALIONEKANI, limefukiwa. Mchanga umepanda, haujashuka. Zamani tulipita chini tumesimama wima na ndoo kichwani. Siku hizi upande ule mbuzi akipita anainama.

Kwa hiyo ama wewe umekwenda daraja jingine, ama umekunywa ile ya kwetu isiyochujwa.

#4 Mwana wa Korongoni

Mbuyu upo. Mashine ipo, ingawa siku hizi inasaga kwa nadra. Sasa dada mchanga umepandaje kwako na kushuka kwangu?

#5 Dereva wa Tipa

Nikae kimya au niseme? Basi niseme, maana humu hatujuani.

Mimi ni sehemu ya tatizo lenu. Miaka saba nimebeba mchanga. Kila nyumba mnayoiona inapanda Ilazo, Iyumbu, Nkuhungu, Nala, plasta yake imelala korongoni kabla ya kulala ukutani. Mji wote huu ulitoka chini ya madaraja. Vijana wanachimba kwa koleo alfajiri, wanarundika, tipa inashuka kinyumenyume, dakika ishirini imejaa. Mvua ikinyesha korongo linaletewa mchanga mwingine na sisi tunasema Mungu hajatusahau. Ila mchanga huo hautoki mbinguni. Maji yaliyokuta shimo letu huko chini yanausogeza kutoka juu kuja kulijaza, na juu ndiko lilipo daraja.

Kuchimba karibu na daraja tunajua haturuhusiwi. Tulikuwa tunahesabu hatua. Kila msimu hatua zinakuwa fupi.

#6 Siti ya Mbele

Mwizi kajitaja mwenyewe, uzi huu nauhifadhi.

#7 Mjukuu wa Reli

Mnahangaika bure. Hilo daraja ni la Mjerumani, ndiyo maana nguzo hazijapata hata mkwaruzo. Mjerumani alikuwa anachanganya zege na mayai. Hao wa sasa watuwekee la miaka kumi halafu waje na mkopo mwingine.

#8 Mzee wa Nondo

Mjukuu, mayai hayo yaliliwa. Mjerumani alituachia reli. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, kisha vita ikamkuta. Daraja la barabara la zege lenye nguzo za duara na deki, yaani sakafu ya kupitia magari, nyembamba ya njia moja si kazi yake. Hilo ni la wakati wetu, na mimi nimewahi kufunga nondo za madaraja ya namna hiyo.

Na mleta mada, usigonge nguzo kwa jiwe ukasema ngangari. Gonga deki kwa chini, kwa nyundo, hatua kwa hatua. Pazima panalia kama chuma. Palipoachia panalia kama ngoma. Nondo za zamani zilifunikwa zege jembamba, unyevu unaingia, nondo inashika kutu, na kutu inakula nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani. Siku moja unaona kipande kama sahani kimedondoka, juu kuna mstari wa kahawia. Uliona mistari ya kahawia?

#9 Mwana wa Korongoni

Mzee wangu shikamoo. Mistari ipo. Nilidhani ni matope.

#10 Mzee wa Nondo

Marahaba. Si matope.

#11 Mhandisi Mstaafu

Mleta mada, jibu la swali lako ulilishika pale mkono ulipozama hadi kiwiko.

Mzee wa Nondo yuko sahihi kuhusu deki, lakini madaraja ya makorongo huanza kufa miguuni. Maji ya kasi yakigonga nguzo, mengine hupanda kidogo usoni mwake na mengine hushuka chini kwa nguvu yakizunguka, yanachakura mchanga kama kuku. Shimo linachimbika saa ileile ya mafuriko. Ubaya ni kwamba maji yakipungua, mchanga unarudi na kulifukia. Asubuhi unakuja na jua lako, unaona pametulia tambarare, unasema salama. Mchanga ule mpya ni mlegevu, haujabeba kitu. Ukaguzi wa kiangazi pekee unaweza kukudanganya.

Jimbo la New York, Marekani, mwaka 1987, daraja la barabara kuu juu ya Schoharie Creek lilianguka kwa sababu hiyo, watu 10 wakafa. Halikuwa limefikisha hata miaka 40. Kwa hiyo "nguzo nzima" haimaanishi chochote kama hujui imesimama juu ya nini.

Kuhusu jipya kuning'inia: likipewa msingi wa kina unaoshuka hadi kwenye tabaka gumu, na nguzo chache zenye nafasi pana katikati, halitaning'inia hata korongo likishuka tena. Hilo la zamani lilikalishwa juu juu kwa sababu wakati huo korongo lilikuwa limetulia.

#12 Popo wa Area C

Mhandisi umeeleza vizuri lakini umeruka swali. Kwa nini lisirekebishwe? Wajaze zege chini ya kitako, waweke gabioni, yale makapu ya waya yaliyojazwa mawe, waongeze nondo kwenye deki. Tumezoea kuvunja. Kuvunja kuna posho, kukarabati hakuna.

#13 Mhandisi Mstaafu

Inawezekana, na nimefanya hivyo mara mbili kwenye maisha yangu. Moja lipo hadi leo. La pili gabioni zake nilizikuta msimu uliofuata mita 200 chini, zimekunjamana kama gunia. Inategemea.

#14 Mama Muhogo

Nyinyi wanaume mko chini ya daraja tu, njooni juu.

Daraja ni la njia moja. Halina pa kupita mtu wa miguu. Saa moja kasoro asubuhi kuna watoto wa shule, bodaboda, bajaji, mkokoteni wa maji na lori la saruji, wote wanataka kuvuka. Mwanangu wa pili anajua kupanda juu ya ukingo na kubana mgongo lori lipite. Yuko darasa la tatu. Hata kama nguzo zingekuwa za dhahabu, mimi nataka jipya. Pana. Lenye njia ya miguu. Hayo ya mchanga mtanisimulia nikiwa ng'ambo.

#15 Kijana wa Nkuhungu

Mama kamaliza. Uzi ufungwe.

#16 Mtani wa Kondoa

Haufungwi, sijaongea. Wagogo mnapenda kufunga vikao kabla mgeni hajala.

Mnabishana mchanga umeshuka, mchanga umepanda, hakuna anayeuliza unatoka wapi. Waulizeni Warangi. Kondoa kulikuwa na makorongo ya kuficha nyumba ya ghorofa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Matuta yakachimbwa, miti ikapandwa, bado haikutosha. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Yote! Babu yangu alihamisha ng'ombe akilia kama amefiwa. Baada ya miaka michache majani yakafunika vilima na mito ya mchanga ikaanza kutulia, mkondo ukawa mwembamba, pembeni pakaota nyasi.

Kwa hiyo tatizo la daraja lenu haliko darajani. Liko vilimani, kwenye mkaa mnaochoma na mashamba ya uwele mnayolima kushuka mteremko. Jengeni hata la chuma cha pua, kilima kikiwa uchi daraja litafukiwa. Hapo dada Zabibu ana haki.

#17 Zabibu Kavu

Asante mtani. Nitakuletea mlenda.

#18 Mtani wa Kondoa

Lete na ugali, mlenda peke yake utaniteleza hadi Babati.

#19 Mtabiri

Wakuu mbona rahisi. Mafuriko makubwa huja mara moja kwa miaka 100. Yalikuja na El Niño ya 1997/98. Yajayo ni 2098. Daraja lililopo linatosha hadi wajukuu.

#20 Mpima Ardhi

Mtabiri, acha kabisa.

"Mafuriko ya miaka 100" maana yake kila mwaka yana nafasi moja kati ya mia ya kutokea. Mwaka huu moja kwa mia, mwakani moja kwa mia, hata kama yalikuja juzi. Ukipiga hesabu kwa daraja litakalosimama miaka 50, nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja inakaribia asilimia 40. Si mchezo wa kusubiri zamu.

Na sasa niweke la kwangu, maana naona mmezunguka yote mkaliacha. Daraja halijazeeka, mji ndio umekua. Sensa ya 2012 Dodoma mjini tulikuwa 410,956. Ya 2022 tukawa 765,179. Hao wote wana mabati. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50, hizo ni lita 5,000. Zamani zilianguka kwenye ardhi yenye nyasi, nyingine zikazama, nyingine zikachelewa njiani. Leo zinatoka bati kwenda pevingi, pevingi kwenda mtaro, mtaro kwenda korongoni, zote kwa pamoja ndani ya nusu saa. Mvua ni ileile ya Dodoma, chini ya milimita 600 kwa mwaka mzima. Kilichobadilika ni haraka yake.

Ramani za zamani za CDA, ile mamlaka iliyokuwa ikipanga mji, kabla haijavunjwa 2017, pembezoni mwa makorongo pana rangi ya kijani. Nendeni leo mkaangalie hiyo kijani ina milango mingapi.

#21 Mwana wa Korongoni

Kwa hiyo uwazi wa chini ya daraja umekuwa mdogo?

#22 Mpima Ardhi

Koo ni lilelile, tonge limekuwa kubwa. Maji yakibanwa kati ya kingo mbili yanaongeza kasi, kasi inachimba. Ndiyo shimo lako. Mchanga wa dereva ni sababu ndogo.

#23 Dereva wa Tipa

Ndogo? Mkuu hujawahi kushinda korongoni. Tipa moja inabeba kama tani 15, sisi tulikuwa tipa tisa, tripu nne kwa siku. Piga hesabu hiyo unayoipenda.

#24 Mpima Ardhi

Tani 540 kwa siku. Sawa, si ndogo.

#25 Siti ya Mbele

Kwa mara ya kwanza nimeona mtu wa humu amekubali. Tarehe ihifadhiwe.

#26 Bwana Drifti

Kwani lazima daraja? Mto una maji wiki chache kwa mwaka. Wekeni drifti, zege tambarare juu ya mchanga, maji yakija yanapita juu, yakiisha mnapita nyinyi. Bei poa, hakuna nguzo ya kuchimbwa. Barabara nyingi za vijijini ndivyo zilivyo na watu wanaishi.

#27 Kijana wa Nkuhungu

Bwana Drifti, nikupe kisa cha drifti.

Harusi ya mdogo wangu. Kanisa upande huu, ukumbi upande ule, katikati korongo na drifti yako. Mjini jua linawaka, hata wingu hakuna. Tumetoka kanisani tunakuta korongo limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanavuma, yanabeba magogo na bata mzima anapiga kelele. Imenyesha huko vilimani, sisi hatujui. Bibi harusi huku, pilau kule. Saa tano nzima tumekaa ukingoni! MC yuko ng'ambo na spika, akawa anatutangazia kwa kipaza sauti nyama inavyopungua. Jioni maji yalipofika magotini shangazi akambeba bibi harusi mgongoni. Hizo ndizo picha za harusi tulizonazo.

Ndoa yao nzima namshukuru Mungu. Ila drifti mjini hapana.

#28 Mama Muhogo

Na ingekuwa mjamzito je? Bwana Drifti akae na drifti yake.

#29 Bwana Drifti

Nimekaa.

#30 Mtu wa Bahi

Mimi naona mvumilie tu, maji yote ya Dodoma yanaishia kwetu kwenye mbuga ya Bahi, tunayalimia mpunga. Mkiyazuia huko juu tutagombana.

#31 Mtu wa Chalinze

Si yote mkuu. Mto Bubu ndio unaowaletea nyinyi wa Bahi kutoka Kondoa, na hapo maji hayana pa kutokea. Ya upande wa mashariki wa mji yanaingia Kinyasungwe, yanashuka Gulwe, yanakuta Mkondoa huko Kilosa, kisha Wami, kisha Bahari ya Hindi. Na ya kusini magharibi, ya Mto Kizigo, yanakwenda Ruaha na Mtera. Mkoa mmoja, maji yanagawana njia tatu.

Hiyo njia ya Gulwe hadi Kilosa ndiyo iliyokatwa reli kwa mafuriko ya mwanzoni mwa 2010, tuta likachukuliwa, treni zikasimama miezi. Kwa hiyo mchanga na magogo ya Dodoma tunaletewa sisi.

Na kuhusu kubadilisha daraja nina ushuhuda. Daraja la zamani la Wami lilijengwa 1959, njia moja, unalishukia kwenye mteremko wenye kona, unaomba Mungu breki zishike. Watu walisema lirekebishwe. Limejengwa jipya pembeni, zaidi ya mita 500, la juu, njia mbili, na watembea kwa miguu wana nafasi yao. Sasa hivi unapita hata hujui kama umepita mtoni. Jambo kubwa nililoona ni kwamba walijenga PEMBENI. La zamani likaendelea kupitisha magari hadi siku jipya lilipokuwa tayari. Kwenu wanasema mtapita wapi?

#32 Mwana wa Korongoni

Hilo hatujaambiwa. Kuna vigingi vimepigwa korongoni upande wa juu. Nadhani ni mchepuo.

#33 Mama Muhogo

Mchepuo wa vifusi ndani ya korongo? Na mvua zinaanza Desemba?

#34 Popo wa Area C

Ndiyo nilichosema. Ngojeni muone, mkandarasi ataingia Novemba.

#35 Mzee wa Nondo

Kuna mradi mmoja nilifanya kazi, sitaji wa nani wala wapi. Mchepuo uliwekewa makalavati mawili ya duara. Tulimwambia msimamizi, hapa weka sita. Akasema michoro inasema mawili. Mvua ya kwanza ikafanya tuta la mchepuo kuwa bwawa, bwawa likapasuka, likaja na vifusi vyote kwenye fomu zetu, mbao za kumwagia zege la nguzo mpya. Siku 11 za kazi zilisombwa kwa dakika kumi. Nondo nilizofunga kwa mkono wangu nilizikuta zimepinda kama tambi. Yule msimamizi alihamishwa, michoro ikabaki.

#36 Mjukuu wa Reli

Mjerumani asingefanya hivyo.

#37 Mzee wa Nondo

Wewe kijana wewe.

#38 Kijana wa Nkuhungu

Sasa mbona hakuna anayetaja uzito? Magari ya siku hizi mizani inaruhusu hadi tani 56. Hilo daraja lilijengwa wakati lori la Bedford likipita mtaa mzima unatoka kuangalia. Mimi naona deki imechoshwa na malori. Ukisimama juu yake lori likipita unasikia linatikisika.

#39 Mhandisi Mstaafu

Kutikisika si ugonjwa. Kila daraja hutikisika kidogo likipitiwa na mzigo. Ila uzito ni hoja ya kweli, hasa wa ekseli moja moja kuliko jumla. Kwa deki ya umri huo nisingeruhusu lori la saruji bila kuangalia michoro ya nondo. Kama michoro ipo.

#40 Popo wa Area C

Haipo. Nafasi ya kuwa ipo ni moja kwa mia kila mwaka.

#41 Mpima Ardhi

😂 Hapo umenikamata.

#42 Mwana wa Korongoni

Turudi kwa dada Zabibu kwanza, maana jambo hili limeninyima usingizi. Jina lako liko nguzo ya ngapi?

#43 Zabibu Kavu

Ya kwanza ukitokea kwenye mbuyu.

#44 Mwana wa Korongoni

Langu ni ya mwisho, upande wa mashine!

#45 Mhandisi Mstaafu

Haya, tunaanza kuelewana. Korongo linapinda hapo?

#46 Mwana wa Korongoni

Linapinda. Linatoka kwenye mbuyu linaegemea mashine.

#47 Mhandisi Mstaafu

Basi nyote wawili mnasema kweli. Kwenye kona maji hukimbia upande wa nje na kuchimba, upande wa ndani yanakuwa goigoi na kutua mzigo. Mashine iko nje ya kona, mbuyu uko ndani. Daraja moja, nguzo moja inafukuliwa, nyingine inazikwa. Na maji yote sasa yanapita kwenye matundu ya upande mmoja tu, ndiyo maana yanachimba mara mbili.

#48 Dereva wa Tipa

Mzee nakuheshimu, lakini upande wa mashine ndipo ilipo njia ya tipa. Sisi ndio tuliokata ukingo pale tupate kushuka. Kabla ya hapo korongo lilikuwa limenyooka kama rula. Kona tumeitengeneza sisi.

#49 Zabibu Kavu

Si kweli, kona ilikuwepo. Tulikuwa tunaogelea hapo kwenye kona.

#50 Mtani wa Kondoa

Mgogo kuogelea? Wapi?

#51 Zabibu Kavu

Kwenye kidimbwi. Kiunoni. Usinichokoze.

#52 Mtani wa Kondoa

Na kidimbwi hicho kimejazwa na nini? Mchanga wa kilimani. Narudi palepale. Hata Bwawa la Hombolo, lililopo tangu miaka ya 1950, linazidi kujaa tope kila msimu, na huko hakuna kona ya dereva.

#53 Bibi Mtandao

Wajukuu hamjambo. Nasoma kimya tangu jana. Mimi nimefika hapo kabla ya daraja. Korongo lilipita NYUMA ya mbuyu, penye nyumba za wapangaji sasa. Walipojenga daraja waliliwekea korongo tuta ili lipite penye daraja, si daraja kulifuata korongo. Mama yangu alisema litarudi kwake. Kwa hiyo dereva usijibebeshe peke yako.

#54 Mwana wa Korongoni

Bibi shikamoo! Hili ni jipya kabisa.

#55 Mpima Ardhi

Shikamoo bibi. Kama ni kweli, picha za anga za zamani zitaonyesha mkondo wa awali. Nitatafuta.

#56 Popo wa Area C

Bibi kakaa mtaani miaka yote hiyo, na kwenye kikao cha mradi walioitwa ni wenye fremu za maduka tu.

#57 Bibi Mtandao

Marahaba wote. Niliitwa, nilikuwa shamba.

#58 Siti ya Mbele

Mimi nina swali la msingi kuliko yote. Dada Zabibu, msichana mwaka 1996 alikuwa na msumari wa nini?

#59 Zabibu Kavu

Sikuchonga mimi. Nilichongewa.

#60 Siti ya Mbele

WAKUU.

#61 Kijana wa Nkuhungu

Uzi umeanza leo.

#62 Mama Muhogo

Ni nani? Yuko humu?

#63 Zabibu Kavu

Alihamia Mwanza na wazazi wake. Msinihoji, nina mume. Ila kabla hawajabomoa ningependa kuliona, angalau nipige picha.

#64 Mwana wa Korongoni

Dada mimi kesho ni mapumziko. Nina jembe. Nitachimba nguzo ya kwanza nione mchanga umepanda kiasi gani, tupate na ushahidi wa Mhandisi.

#65 Mhandisi Mstaafu

Usichimbe kuzidi kiuno, na usichimbe ukiwa peke yako. Mchanga wa korongo hubomoka.

#66 Mwana wa Korongoni

Nipo korongoni wakuu, na kijana wa mashine ananisaidia. Tumefika kiunoni. Hadi sasa: tairi la baiskeli, sufuria lisilo na kitako, kandambili za kushoto mbili. Mchanga unakuja kwa tabaka, mwembamba, mnene, tope jeusi, mwembamba tena. Nimehesabu matabaka ya tope tisa. Chini kabisa pana unyevu, maji yameanza kutoka. Jina sijaliona.

#67 Mpima Ardhi

Piga picha hayo matabaka, weka rula au hata kalamu pembeni!

#68 Zabibu Kavu

Umechimba uso unaotazama mbuyu au unaotazama mashine?

#69 Mwana wa Korongoni

Mashine.

#70 Zabibu Kavu

Jamani. Ni uso wa mbuyu. Fukia hilo uanze upya.

#71 Mwana wa Korongoni

Sifukii. Kuna mama amekuja na ndoo mbili na kata, ameniuliza kama shimo ni la mtu, nikasema hapana, na sasa anateka. Nyuma yake wamesimama wengine watatu.